Hibo Hakumbuki Bao Lake

Mliponiacha nilikuwa nimelala chali ndani ya zizi la mama, huko Tetu, ndoo ya maziwa imenimwagikia kifuani, na yule ng'ombe wa madoa ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

Kwa anayeanza leo, hadithi yangu si ndefu. Naitwa Sophie. Nilikuwa kipa wa Mlima Queens, timu ya wasichana ya Nanyuki. Niligonga kichwa kwenye mlingoti wa goli Murang'a, nikaamka nikaendelea kudaka. Nikapigwa goti kichwani Othaya, nikapumzika wiki moja, nikarudi. Mara ya tatu ilikuwa mazoezini. Ulikuwa mpira tu, mpira wa kawaida. Tangu siku hiyo sijawahi kuwa yule Sophie mliyemsoma mwanzoni.

Mwanga ukawa adui yangu. Kelele ikawa adui. Chuo cha ualimu kilinirudisha nyumbani kwa sababu nilikuwa nasoma mstari mmoja mara tano na bado sijui umesema nini.

Miezi ikapita, nikaanza kupata nafuu. Nilikuwa natembea hadi kituo cha kupeleka maziwa na kurudi bila kutapika. Nilikuwa nimeanza hata kukimbia polepole. Chuo kikasema nirudi muhula ujao.

Halafu ng'ombe akarusha kichwa kufukuza nzi, na kichwa changu kilikuwa njiani.

"Sofi! Sofi, niongereshe!" Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe. "Hii ni vidole ngapi?"

"Mami, usipige kelele."

"Sijapiga kelele. Nanong'ona."

Hapo ndipo nilipojua.

*

Daktari Zarna ni mtoto wa Nyeri. Familia yao ina duka la vitambaa pale mjini, na Kiswahili chake amejifunzia kwenye kaunta, kwa hivyo hazungushi maneno.

"Umerudi nyuma, Sophie."

"Mpaka wapi?"

"Karibu mwanzo."

Mama akasogeza kiti. "Daktari, huyu si alikuwa amepona? Juzi alikimbia mpaka kwa kanisa."

"Alikuwa anaelekea kupona, mama. Ubongo uliotikiswa mara nyingi haungoji pigo kubwa. Kitu kidogo tu kinautosha."

"Sasa atapona lini?"

"Sijui."

"Wiki ngapi? Nipatie hata ya kukisia."

"Nikikutajia wiki nitakuwa nakudanganya."

Alitueleza la kufanya. Nisifungiwe gizani kama mara iliyopita. Siku mbili za kutulia, halafu nitembee kidogo kidogo, kichwa kikianza kuuma nipunguze. Muhula wa chuo tuusahau.

"Na mpira?" nikauliza.

"Mpira hapana."

"Mwaka huu?"

"Hapana kabisa, Sophie."

Nilitaka kulia. Lakini kulia kunazidisha maumivu ya kichwa, kwa hivyo nikaacha.

*

Hibo alikuja kuniona mchana mmoja. Huyu ni mshambulizi wetu, namba tisa, binti ya Mzee Mahat anayeuza mifugo Nanyuki. Sisi ni marafiki tangu tukiwa wadogo wa kukimbizana na mpira wa makaratasi. Aliniletea chupa ya maziwa ya ngamia, akamsalimia mama, na mama akaenda zake shambani kukata nyasi za ng'ombe.

Hibo akaketi kitandani kwangu. Akavuta mtandio wake mpaka machoni.

"Funga hiyo dirisha kidogo," akasema.

"Kwa nini?"

"Inaniumiza macho."

Nikamtazama. Maneno hayo ni yangu. Ndani ya nyumba ile hakuna mwingine anayeyasema.

"Hibo, ni nini ilifanyika?"

"Hakuna."

"Hibo."

"Karatina, kwa nusu fainali. Tuligongana vichwa na beki wao. Nikaanguka, nikaamka. Wanasema nilifunga bao la pili."

"Wanasema?"

"Mimi sikumbuki, Sofi. Wamenionyesha kwa simu. Namba tisa ni mimi, nguo ni yangu, mbio ni yangu. Lakini ni kama natazama msichana mwingine."

"Umeambia nani?"

"Wewe."

"Na kochi?"

"Ati kochi! Fainali ni Jumapili ijayo. Watu wa timu ya taifa wanakuja kuchagua. Na mzee wangu anakuja, Sofi. Miaka yote hajawahi kukanyaga uwanja, sasa ameambia soko yote ya mbuzi. Wallahi nikikosa hiyo gemu, nitamwangalia na macho gani?"

Nikanyoosha mkono, nikafunga dirisha.

"Wewe, ile yako ya kwanza," akasema polepole, "ilikaa siku ngapi?"

Kumbe hilo ndilo lililomleta. Hakuja kumwona mgonjwa. Alikuja kuuliza njia kwa mtu aliyekwisha kuipita.

"Ya kwanza sikupumzika. Ndiyo maana kukawa na ya pili."

"Sijakuuliza hivyo."

"Hibo, angalia mahali nimelala."

Hakuangalia. Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Tulikuwa tumeapishana mambo mengi maishani, na sikuwahi kumvunjia hata moja.

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Huyo daktari wako akikupima, huwa anakuuliza nini?"

Nami nikamweleza. Tuko uwanja gani? Ni kipindi gani? Nani alifunga mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani, mkashinda? Taja miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Simama kwa mguu mmoja, macho umefunga.

Niliyataja yote bila kukwama. Wiki ile nilikuwa nasahau hata jina la sufuria, naiita ile ya kupikia. Kwa hivyo nilijisikia vizuri. Nilijiona nimefaulu mtihani.

*

Nilikikalia kiapo hicho kwa siku kadhaa. Lakini kila nilipoinamia beseni kutapika, nilimwona Hibo ameinama kando yangu.

Nikamwomba mama anipigie simu, maana mwanga wa simu ulikuwa unanichoma macho. Akampigia kochi Ngatia.

Kochi Ngatia si mtu mbaya. Siku ile ya Othaya alinibeba mgongoni mwenyewe mpaka barabarani. Nilijua atanisikia.

"Sophie, mami! Unaendereaje?"

"Kochi, Hibo asicheze fainali."

"Eh?"

"Aligongwa Karatina. Hakumbuki kipindi cha pili. Hakumbuki hata bao lake. Aliniambia mwenyewe."

Nikasikia mpira ukidunda upande wake.

"Alikwambia lini?"

"Jana. Alikuja hapa nyumbani."

"Jana?" Sauti yake ikalegea. "Jana mchana wote Hibo alikuwa na mimi mazoezini, mami. Amefunga mabao manne."

"Basi juzi."

"Juzi pia nilikuwa na yeye."

"Kochi, alikuja! Alileta maziwa!"

"Nimekusikia. Mama yako ako hapo?"

Nikampa mama simu. Alienda nayo mlangoni, lakini masikio yangu siku hizi yanasikia kila kitu.

"Ndiyo, alikuja... Hapana, si jana, ni Jumapili... Hapana kochi, sikusikia wakiongea, nilikuwa shamba... Ndiyo, anachanganya siku. Anachanganya sana... Hata majina ya vitu. Ai, ni Mungu tu. Asante kochi. Utuombee."

Mama hakusema uongo hata mmoja. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinizika.

Jioni ile nilianza kujiuliza. Ikiwa sikujua alikuja siku gani, nilijuaje alisema nini? Pengine nililala nikaota. Pengine niliyachukua maumivu yangu nikamvika rafiki yangu. Nililia mara hiyo, maumivu au la.

Kabla giza halijaingia Hibo akapiga simu.

"Nilikwambia kama dada yangu."

"Kwa hivyo uliniambia? Hibo, uliniambia kweli?"

"Nilikwambia, na umeenda kuniuza!"

"Nimeshukuru Mungu. Nilidhani ninapata wazimu."

"Sofi, sikia." Sauti yake ilikuwa ya chini, imechoka. "Niko sawa sasa. Kichwa inauma kidogo tu. Ukirudia kusema, nitasema umechanganyikiwa. Na wewe unajua wataamini nani."

Akakata.

*

Daktari Zarna peke yake ndiye ambaye hakuniuliza ilikuwa siku gani. Mama alimpigia kwa sababu nilikataa kula mpaka apige.

"Anaumwa na mwanga?" daktari akauliza. "Na hakumbuki? Huyo hafai kucheza hata kidogo. Akigongwa tena kabla hajapona, Sophie, hatutakuwa tunazungumza habari ya kuumwa kichwa."

"Mzuie basi."

"Hajaja kwangu. Siwezi kumzuia mtu ambaye sijamwona. Nimwone kesho, hata jioni, nitamngoja."

Hibo hakwenda. Daktari akampigia kochi Ngatia, wakazungumza. Kochi akakubali kwamba kabla ya mechi Hibo apimwe na mhudumu wa huduma ya kwanza pale uwanjani. Akionekana ana dalili yoyote, hachezi.

"Umefurahi sasa?" mama akaniuliza.

Nilifurahi. Nilikula ugali wote.

*

Mama hakutaka twende Nanyuki. Nilimwambia asiponipeleka nitatembea. Akanivisha kofia yake ya kanisani na miwani ya jua, akanitia pamba masikioni, na jirani mmoja aliyekuwa anapeleka viazi upande huo akatupeleka.

Uwanja ulikuwa umejaa. Vuvuzela, ngoma, pikipiki zinapiga honi. Pamba haikunisaidia kitu. Nilisimama nyuma ya kamba karibu na benchi letu, nimemshika mama begani ili dunia isiiname.

Mhudumu alikuwa dada mmoja mpole mwenye fulana nyekundu. Alimwita Hibo, akasimama naye hatua chache kutoka nilipokuwa.

"Tuko uwanja gani?"

"Nanyuki."

"Mechi iliyopita mlicheza na nani?"

"Timu ya Karatina. Tulishinda mbili bila."

"Nani alifunga mwisho?"

"Mimi."

"Taja miezi kutoka Desemba ukirudi nyuma."

Hibo akaitaja kama mtu anayeimba. Hakukwama hata Agosti, ambapo mimi hukwama kila mara. Akasimama kwa mguu mmoja, macho amefunga, akasimama kama mti.

Maswali yalikuwa yale yale.

"Yuko sawa," dada akasema.

Kochi Ngatia akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Umesikia, mami? Sasa turia uangalie mpira."

"Kochi, nilimfundisha mimi! Hayo maswali nilimpa mimi!"

"Ulimfundisha miezi ya mwaka?"

Wasichana kwenye benchi wakacheka. Hawa ni wasichana niliowalindia goli misimu mitatu. Hibo alipita mbele yangu akifunga nywele zake. Hakunitazama.

Nilikuwa nimebaki na mtu mmoja.

Mzee Mahat alikuwa kwenye ngazi za jukwaa, amevaa koti jipya na kofia ya kushonwa, wenzake wa soko la mifugo wamemzunguka. Aliponiona akanyanyuka.

"Binti Sophie! Kipa wetu! Pole sana na ugonjwa."

"Mzee, nisikilize kidogo, tafadhali."

Akateremka. Nikamwambia yote, Karatina, video, dirisha, maswali. Hakunikatiza.

"Kochi anasema mzima. Yule wa dawa anasema mzima. Wewe peke yako unasema mgonjwa. Mimi ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, binti. Nimwamini nani?"

"Mwulize yeye. Wewe hatakudanganya."

Akashika ndevu zake. "Leo asubuhi alinisalimia mara tatu. Anatoka chumbani, ananisalimia. Anarudi, ananisalimia. Nilidhani ni furaha."

"Mzee, mtoe."

"Mbele ya watu hawa wote?" Alitazama nyuma, kwa wale wanaume waliofunga biashara zao kuja kumwona binti yake. "Wakipumzika nitamwuliza. Haki ya Mungu, nitamwuliza."

Kipenga kikalia.

*

Sikuuona mpira wenyewe. Kila kitu kilikuwa kinakimbia kasi kunishinda. Nilikuwa namwangalia namba tisa tu.

Alicheza vizuri. Nasema ukweli. Alicheza kama mtu asiye na kesho. Kila mpira wa juu ulipokuja nilifunga macho, na kila nilipoyafungua nilimkuta bado amesimama, nikapumua.

Mapumziko yalipokaribia tukapata kona. Mpira ukaelea. Hibo akaruka juu ya mabeki wawili, akaupiga kichwa, ukaingia.

Uwanja ulilipuka. Mama alinikumbatia kichwa kunizibia masikio.

Lakini mimi nilikuwa nimeona alivyoanguka. Alianguka chali, na kisogo kikatangulia. Wenzake wakamrukia wakamfunika. Walipoinuka, Hibo alibaki chini kidogo, mikono yake inapapasa nyasi kama mtu anayetafuta kiberiti chumba chenye giza. Kisha akasimama, akainua mikono juu, na watu wakapiga kelele zaidi.

Refa akapuliza mapumziko.

Nikamtafuta Mzee Mahat kwa macho. Alikuwa anateremka, nilimwona. Lakini wanaume walikuwa wamemzingira, kila mmoja anamshika mkono, anampiga bega, anamwambia ana simba jike nyumbani kwake. Alikuwa anajaribu kupita na hawamwachi.

Wachezaji wakaenda kwenye benchi kunywa maji. Hibo hakwenda. Alikuja moja kwa moja kwenye kamba, kwangu. Alikuwa anatabasamu. Hasira yote ya simu ilikuwa imeisha usoni mwake, na nusura nami nitabasamu.

"Sofi! Mbona hujavaa jezi?"

"Nini?"

"Vaa jezi. Kochi anakutafuta. Tunaanza sasa hivi."

Mama alinifinya mkono.

"Hibo," nikasema, "nani amefunga?"

"Hakuna. Si hatujaanza?" Akacheka. "Na hiyo kofia ni ya nani? Unafanana na mamako."

"Kochi!" Nilipiga kelele, na kelele yangu mwenyewe ikanipasua kichwa. "Kochi, mwulize nani amefunga!"

Kochi Ngatia alikuwa amechuchumaa, anawachorea mabeki kitu kwenye udongo. Aliinua mkono bila kugeuka, ule mkono wa kumwambia mtoto angoje.

"Hibo! Kunywa maji, rudi ndani!"

Naye akarudi, anarukaruka.

Dada wa fulana nyekundu alikuwa upande wa pili, anamfunga kifundo msichana wa timu nyingine. Mzee Mahat alikuwa bado ngazi ya tatu. Mama alikuwa anasema, "Sofi, twende nyumbani. Sofi, umefanya yote."

Timu zikajipanga. Refa akaweka mpira katikati.

Nikapita chini ya kamba.

Uwanja uliinama kushoto, kisha kulia. Niliendelea. Nilisikia watu wananizomea, nikasikia mama ananiita jina langu lote. Mshika kibendera akanikimbilia, akanikamata mkono, akaanza kunivuta nje.

Hibo akaja mbio kutoka katikati ya uwanja.

"Mwachilie!" akamfokea. "Huyo ni kipa wetu! Tumekuwa tukimngoja!"

Watu wa karibu wakaangua kicheko. Walidhani ni mzaha wa aliyefunga bao. Wasichana wetu pia wakacheka, na Hibo, alipoona wanacheka, akacheka nao, akarudi katikati huku akinipungia mkono nielekee golini, na mshika kibendera akanivuta mpaka nje ya mstari.

Kochi Ngatia hakucheka. Nilimwona anainuka polepole kutoka kwenye benchi. Akanitazama mimi. Akamtazama Hibo. Akanitazama tena, na safari hii haukuwa ule mtazamo wa huruma.

"Refa!" akaita. "Refa, subiri!"

Refa alikuwa amempa mgongo. Akatazama saa yake, akapuliza kipenga.